Majilio Yasimezwe na Daftari la Michango

Jumapili ya Kristo Mfalme, baada ya Komunyo, waamini hukaa na katibu wa Halmashauri ya Walei (baraza la waamini wasio mapadre) husimama mbele na karatasi zake. Katika parokia nyingi za Kikatoliki za mijini, matangazo ya siku hiyo ni miongoni mwa marefu kuliko yote ya mwaka. Tegemeza jimbo, mchango wa kuliendesha jimbo, bado haijakamilika. Ujenzi wa nyumba ya mapadre umesimama kwenye lenta. Jumuiya hizi zimefikisha lengo, wapigiwe makofi. Jumuiya zile ziko nyuma, na majina yake yanasomwa. Zawadi za Krismasi za mapadre na masista zianze kukusanywa. Kadi za zaka zirudishwe kwa wahazini mapema ili hesabu za mwaka zifungwe. Mwisho kabisa, watu wameshashika mikoba, inasikika sentensi moja: Jumapili ijayo tunaanza kipindi cha Majilio, tujiandae vyema.

Sentensi hiyo ilistahili kutangulia. Hoja yangu ni kwamba parokia zetu zimeyaacha Majilio, wiki za kujiandaa kwa Krismasi, yamezwe na kazi ya kufunga hesabu, na chombo kinachofanya kazi hiyo ni kile kile kilichoundwa ili mtu asiachwe nyuma: Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, yaani waamini majirani wanaosali pamoja. Sisemi waamini wasitoe. Nasema wiki hizi chache zina kazi yake, kazi hiyo ni ya jumuiya, na haifanyiki kwa sababu jumuiya imeshikwa na nyingine.

Nianze na liturujia, maana wengi tumezoea kuyachukulia Majilio kama siku za kuhesabia Krismasi tu. Kipindi hiki huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume, 30 Novemba, kwa hiyo hakianzi kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Tangu hapo mpaka 16 Desemba, masomo na sala havituelekezi moja kwa moja kwenye hori la Bethlehemu. Vinatuelekeza kwenye marejeo ya Bwana, kwenye hukumu na kukesha. Ni kuanzia 17 Desemba ndipo Kanisa linageukia kuzaliwa kwa Yesu, na katika Masifu ya Jioni zinaanza zile antifona (aya fupi za kuimbwa) saba za kale: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, na nyinginezo. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili hizo, ila Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima. Toba ipo, lakini ni toba ya mtu anayengoja mgeni kwa furaha.

Na anayetawala Jumapili mbili za katikati ni Yohane Mbatizaji. Katika Mwaka C, wa tatu katika mzunguko wa masomo ya Misa, Jumapili ya tatu, Injili ya Luka inatuletea makutano wanaomwuliza, "Tufanye nini basi?" Yohane hawapi sala ndefu. Anawaambia, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo." Watoza ushuru nao wanakuja kubatizwa, wanauliza swali lile lile, na jibu lao ni fupi: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Natamani neno hilo lisomwe taratibu mbele ya kila mtu anayeshika daftari katika parokia, kuanzia mhazini wa jumuiya hadi paroko.

Jumuiya hazikuanza na daftari. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, walikutana Nairobi mwaka 1973 na kukubaliana kwamba maisha ya Kanisa lazima yajengwe kwenye jumuiya ndogo za majirani wanaofahamiana. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi wakafanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji, na mwaka 1979 wakalirudia jambo hilo Zomba, Malawi. Hapa Tanzania wazo lilikuta udongo tayari. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, nyumba kumi kumi zilikuwa na balozi wao, na watu walishazoea kukutana mtaani kujadili mambo yao. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi, akaenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Mapadre walikuwa wachache, parokia kubwa, vigango (makanisa madogo ya parokia) viko mbali. Jirani ndiye aliyejua nani anaumwa, nani hana chakula, ndoa ya nani inayumba. Sinodi ya Afrika ilipokutana Roma mwaka 1994, na Mtakatifu Yohane Paulo II kutoa wosia wake *Ecclesia in Africa* mwaka 1995, sura iliyochaguliwa kulieleza Kanisa la bara hili ilikuwa Familia ya Mungu. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuiishi uani kwa watu.

Tuiangalie sasa jumuiya ya leo kwa karibu. Dar es Salaam, jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye shughuli. Viti vya plastiki vimepangwa uani, vingine vimeazimwa kwa jirani. Meza ndogo ina kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na Biblia. Jumuiya zinazofuata Hatua Saba, njia ya kutafakari Injili pamoja iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, humwalika Bwana kwa sala, husoma Injili, kila mmoja hutaja neno lililomgusa, hunyamaza kidogo, kisha hushirikishana. Ndipo inakuja hatua ya sita, ambayo kwangu ndiyo moyo wa shughuli nzima: tunatumwa kufanya nini wiki hii? Nani ataifanya, na lini? Hatua ya saba ni sala za hiari, basi mmemaliza.

Hatua hiyo ya sita ndiyo iliyopotea. Mahali pake pamekaa matangazo. Mwenyekiti anafungua daftari: majina upande wa kushoto, na kwenye safu zinazofuata mahudhurio, zaka, tegemeza, ujenzi, rambirambi, sare ya somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya. Anasoma. Mama fulani, safu yako ya ujenzi iko wazi tangu Agosti. Baba fulani, tunakuomba uone namna. Hakuna anayetukana mtu, na mwenyekiti mwenyewe mara nyingi ni mtu mwema ambaye naye amebanwa na kanda (kundi la jumuiya kadhaa), kanda imebanwa na parokia, parokia imepewa lengo na jimbo. Lakini yule mama aliyeamka saa kumi kupika vitumbua avifikishe stendi, akapitia jumuiya akiwa bado na unga mkononi, amesikia jina lake na deni lake mbele ya majirani. Wiki ijayo hatakuja. Wiki ya tatu ataulizwa mbona haonekani, atasema ana udhuru. Baada ya miezi sita hayupo tena kwenye hesabu ya watu, ila kwenye hesabu ya madeni bado yupo.

Mlolongo unaofuata tunaujua. Mtoto wake anatakiwa kubatizwa, anaambiwa alete barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti anasema mzazi huyu hasali jumuiya. Anapewa sharti: lipa kwanza ya nyuma. Hana. Mtoto anakua bila ubatizo, au siku moja anapelekwa kwenye kanisa la jirani lenye spika kubwa, ambako hakuna aliyemwuliza risiti. Kisha bibi wa nyumba hiyo anafariki, aliyebatizwa na wamisionari, aliyevaa skapulari maisha yake yote, na kikao cha msiba kinageuka kikao cha kujadili kama padre atakuja au anazikwa na katekista, au asizikwe na yeyote. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Wanaume wazima, wengine wakiwa viongozi, walikuwa wanapiga simu kumtafuta mtu mwenye kadi za zaka za marehemu, huku mwili uko mochwari.

Wengi wanaamini hiyo ndiyo sheria ya Kanisa. Siyo. Kanuni ya 843 ya Sheria za Kanisa inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio na maandalizi yanayotakiwa, na wasiozuiwa na sheria kuzipokea. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba mhudumu asidai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya matoleo yaliyowekwa na mamlaka husika, na ahakikishe daima kwamba wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kwa mazishi, kanuni ya 1181 inaonya kusiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na wafarakano, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungeleta kashfa kwa waamini. Mwenye deni la zaka hayumo katika orodha hiyo. Asiyesali jumuiya hayumo.

Papa Fransisko aliandika katika *Evangelii Gaudium*, mwaka 2013, kwamba milango ya sakramenti isifungwe kwa sababu zozote zile, na kwamba Kanisa si kituo cha kutozea ushuru bali ni nyumba ya Baba, yenye nafasi kwa kila mtu pamoja na mizigo yake. Wapo mapadre wetu waliolielewa hilo miaka mingi kabla halijaandikwa, na waamini wanawajua kwa majina. Ila mwamini asingoje kubahatika apate paroko wa namna hiyo ndipo haki yake itimie.

Sasa niseme upande wa pili kwa uzito unaostahili, maana michango hii si tamaa ya mapadre. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe walipopita hapo mwaka 1878 wakielekea Tabora na maziwa makuu, fedha za shule, zahanati na makanisa zilitoka Ulaya, nyingi zikiwa senti za wajane na wakulima wa huko. Mkondo huo umepungua sana. Kanisa la Tanzania leo lina maaskofu wake, mapadre wake na makardinali wake, tangu Laurean Rugambwa alipokuwa mwaka 1960 kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu. Basi ni lazima lijitegemee pia kwa mafuta ya pikipiki ya padre anayekwenda kigango cha mbali, kwa bati, kwa chakula cha seminari ndogo. Kanuni ya 222 inawabana waamini wote kulitegemeza Kanisa lao, na haina utani. Mwenye kipato anayetoa sarafu ya mia tano kwenye kapu kila Jumapili huku akichangia mamilioni kwenye kamati ya harusi, huyo anahitaji kuambiwa ukweli.

Ila kanuni hiyo hiyo ya 222, kifungu cha pili, inawawajibisha waamini hao hao kuwasaidia maskini kutokana na mali zao. Lengo la ujenzi tunaligawa kwa kila jumuiya na kulifuatilia hadi shilingi ya mwisho. La maskini tunaliachia Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, wazee wachache wenye kikapu mlangoni. Na ipo kanuni ya 1287, kifungu cha pili, inayotaka wasimamizi wa mali za Kanisa watoe hesabu kwa waamini kuhusu mali walizozitoa. Parokia zinazosoma mapato na matumizi hadharani zipo, na nina hakika watu wake hutoa kwa moyo mwepesi zaidi. Pale ambapo jina la mdaiwa linasomwa lakini matumizi hayasomwi, watu hunung'unika, na wana haki.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa, nalo ni majira. Malengo ya mwaka yanafungwa Novemba na Desemba kwa sababu kalenda ya ofisi inaishia hapo. Mkulima wa Dodoma au Singida huvuna kati ya Mei na Julai. Novemba ghala limepungua, anatazama mawingu, anatafuta mbegu na mbolea, akijua chakula kipya kiko miezi mingi mbele. Kumdai wakati huo ni kumdai akiwa hana mbele wala nyuma. Kusini hali ni nyingine: Masasi, Newala na Tandahimba korosho zinauzwa kuanzia Oktoba, na fedha ikiingia inaingia miezi hiyo. Mjini, mfanyakazi anapiga hesabu ya nauli ya kwenda nyumbani, kodi ya nyumba ya miezi sita, na ada za Januari. Ningetegemea jimbo lenye wakulima wengi lipange matoleo yake makubwa kufuata mavuno ya watu wake. Mtu akitoa debe la mahindi mwezi wa saba anatoa akicheka. Lile lile akiulizwa Desemba, linatoka kwenye sufuria ya watoto.

Na hapo ndipo Majilio yangekuwa yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Liturujia inaazima maneno ya Isaya: "Dondokeni, enyi mbingu, toka juu, mawingu na yamwage haki, nchi na ifunuke." Kaskazini mwa dunia maneno hayo yanasomwa katika baridi na giza. Hapa yanasomwa wakati wa vuli, au pale katikati ya nchi ambapo mvua ya kwanza ya msimu inangojwa kweli kweli, jembe limenolewa na ardhi imepasuka. Sijui ni homilia ngapi zinaligusa hilo. Kwaya zinalijua, kwa sababu nyimbo zetu za Majilio zina ile sauti ya kuomba inayopanda polepole, na waamini huimba bila kuangalia kitabu.

Taji la Majilio nalo linaenea, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu, ya furaha. Wengine hulilalamikia kwamba ni la Wazungu. Lilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyekuwa na makao ya watoto maskini, akawasaidia kwa mishumaa kuhesabu siku zilizobaki. Mimi sioni ubaya wa taji lililozaliwa kwenye nyumba ya watoto wasio na kitu. Ubaya ni kulinunua la plastiki kwa fedha ya parokia na kuacha watoto wa namna hiyo nje ya geti.

Tukija kwenye kitubio, hali yake nayo inasikitisha. Sheria inamtaka mwamini aungame dhambi zake za mauti angalau mara moja kwa mwaka, na wengi huchagua wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Mapadre wa dekania (kundi la parokia jirani) hukusanyika parokia moja baada ya nyingine. Utawaona wamekaa chini ya miembe, stola shingoni, mistari imezunguka hadi kwenye pango la Bikira Maria. Ni picha nzuri, na mapadre hao hutoka wamechoka kuliko mtu aliyelima. Lakini kila mtu anapata dakika moja au mbili, na mtu mwenye jambo zito la miaka hawezi kulifungua kwa dakika mbili huku nyuma yake wapo watu mia. Bwana alisema, "Ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Upatanisho unatangulia sadaka. Majirani wawili waliogombania mpaka wa kiwanja, wakwe wasioongea, mwenyekiti na mama mwenye safu iliyo wazi: hao hawapatanishwi chini ya mwembe. Wanapatanishwa uani, Jumamosi, na jumuiya, kabla hawajafika kwa padre.

Wiki hizo hizo parokia za Dar es Salaam zinaanza kupungukiwa watu, hasa zile zenye watu wengi wa Kilimanjaro. Mabasi ya Moshi yanajaa, vibali vya mabasi ya nyongeza vinatolewa, na ifikapo mkesha wa Krismasi makanisa ya Rombo, Marangu, Kibosho na Kilema hayatoshi, watu wanasali nje kwenye mahema. Ni baraka kubwa kwa familia. Lakini jumuiya ya mjini inabaki na nani? Inabaki na wasio na nauli, wasio na kwao, wagonjwa, walinzi, wasichana wa kazi ambao mabosi wao wamewaachia nyumba. Kama jumuiya imeshafunga daftari lake na kuagana tangu katikati ya Desemba hadi Januari, watu hao wanasherehekea kuzaliwa kwa Bwana wakiwa peke yao. Zamu ya watu wachache tu waliobaki, wakipita nyumba kwa nyumba, ingewatosha.

Papa Fransisko aliweka Siku ya Maskini Duniani, iliyoanza mwaka 2017, Jumapili ya 33 ya Mwaka, yaani wiki moja kabla ya Kristo Mfalme. Na katika Mwaka A, Injili ya Kristo Mfalme ni ile ya hukumu katika Matayo sura ya 25: "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula ... nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Kanisa limetupangia ngazi: maskini, kisha Mfalme atakayeuliza juu ya maskini, kisha Majilio ya kumngoja huyo Mfalme. Tungeifuata tu ilivyo.

Nikiulizwa kifanyike nini, jibu langu la kwanza ni kufunga hesabu mapema. Mwaka wa michango uishe Oktoba, mapato na matumizi yasomwe, na madeni yaliyobaki yahamie mwaka unaofuata bila jina la mtu wala la jumuiya kusomwa. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari, daftari lisifunguliwe kwenye sala ya jumuiya. Mwenye kutoa atatoa kwa mhazini pembeni, na parokia haitafungwa kwa wiki sita hizo.

Pili, hatua ya sita irudi. Wiki ya kwanza jumuiya iandike majina ya waliokuwa wakisali nayo na hawaonekani tena. Sidhani ipo jumuiya itakayokosa majina. Wiki zinazofuata wawili wawili waende, mwanaume na mwanamke, wasibebe kadi yoyote. Wasiende kuuliza mbona huji. Wabishe hodi, wakae, wanywe chai kama ipo, wamsikilize mwenye nyumba. Wakimkuta na mtoto asiyebatizwa, paroko aambiwe, na maandalizi ya wazazi yaanze. WAWATA, UWAKA na VIWAWA, vyama vya Kikatoliki vya wanawake, wanaume na vijana, wana watu wa kutosha kufanya hivyo katika kila kanda bila kuunda kamati mpya.

Katekista wa kigango asisahaulike. Ndiye atakayeongoza ibada ya Krismasi pale ambapo padre hafiki hadi Jumapili inayofuata, na posho yake katika sehemu nyingi ni ndogo mno, tena huchelewa. Kama kuna fedha ya kuharakishwa Desemba, ni hiyo.

Nitapingwa. Nitaambiwa watu watazoea bure, wataacha kutoa, na waliokuwa waaminifu watavunjika moyo. Hofu hiyo naielewa kwa sababu nimewasikia wahazini wakiisema kwa uchungu, watu waliojaza mapengo ya wengine kwa fedha zao za mfukoni. Ila tujiulize deni la lazima limetuletea nini mpaka sasa. Wanaotoa kwa kuogopa kunyimwa mazishi hutoa kile kiasi cha kupata barua tu, basi. Wasio nacho wameondoka kimya kimya. Na wenye uwezo ambao tungetaka watoe zaidi hawaguswi na vitisho, kwa kuwa kwao hakuna safu inayokaa wazi. Mtindo huu unambana mtu wa kati na wa chini, na bado nyumba ya mapadre iko kwenye lenta.

Nitaambiwa pia kwamba lazima kuwe na utaratibu, na kwamba mtu asiyejulikana na jumuiya hawezi kuibuka tu siku ya shida. Utaratibu ni mzuri. Paroko ana wajibu wa kujua kwamba wazazi wanaoleta mtoto watamlea katika imani, na jumuiya ndiyo inayoweza kumwambia. Basi barua ya mwenyekiti iseme hilo: nawafahamu, wanaishi hapa, tumewatembelea, tutawasaidia. Mstari wa michango uondolewe kwenye fomu hiyo. Hii ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, na haihitaji kusubiri waraka wa jimbo.

Jambo la mwisho linahusu waliokwisha kuzikwa. Katika mitaa yetu zipo familia ambazo mzazi wao alizikwa bila padre kwa sababu ya kadi, na zimebeba uchungu huo kwa miaka. Watoto wao wengi hawaji tena kanisani, na wakipita karibu na jengo hugeuza uso. Viongozi wa jumuiya wanazifahamu nyumba hizo moja moja. Majilio haya waende huko kwanza, kabla ya kwingine kote, na paroko akiweza aende nao. Wakiri mbele ya familia kwamba haikupaswa kuwa vile. Misa ya kumwombea marehemu inaweza kuadhimishwa hata leo, kaburi linaweza kubarikiwa, jina lake linaweza kutajwa altareni Jumapili yoyote ambayo watoto wake wataichagua, na kwa nia hiyo ya Misa wasidaiwe hata senti moja.